Tukitafuta dawa ya kumbukumbu kwenye mimea, tuanzie kwenye sumu

Ni dawa mbili tu zenye asili ya mimea ambazo zimevuka majaribio makubwa na kuidhinishwa Marekani na Ulaya kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu: galantamini na rivastigmini. Zote mbili zina nasaba na sumu. Galantamini iligunduliwa kwenye kiazi cha Galanthus, ua dogo jeupe linalochipua Ulaya theluji ikiwa bado haijaisha ardhini. Rivastigmini ilibuniwa na wanakemia kwa kuiga kiini cha harage la Calabar, ambalo Waefik wa kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo waliwalisha watuhumiwa wa uchawi kama kiapo. Aliyetapika alipona na kuhesabiwa hana hatia. Aliyeshindwa kutapika alikufa.

Nalitanguliza hili kwa sababu mazungumzo kuhusu mimea na kumbukumbu za wazee huanzia upande mwingine kabisa. Husemwa kwamba cha mmea ni kipole, hakidhuru, basi mzee akitumie, kisipomsaidia hakitamletea shida. Mimi naona upole huo wenyewe ndio wa kutiliwa shaka. Kemikali nyingi za mimea zinazosifiwa kwa ubongo hazina madhara kwa sababu rahisi sana: haziufikii ubongo, au huufikia kwa kiasi kisichoweza kufanya lolote, jema au baya. Na zile chache zinazoufikia kwa nguvu zinadai tahadhari ileile tunayoipa dawa yoyote kali.

Chukua harage la Calabar. Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa Edinburgh aliyebobea katika elimu ya sumu, alimeza kipande cha punje yake ili ajionee mwenyewe. Mwili ulipoanza kumlegea na moyo kupiga bila mpangilio, akanywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili ajitapishe. Akaokoka, na udadisi wake ukawaambukiza wenzake. Mwaka 1864 wanakemia wa Ujerumani, Jobst na Hesse, walifanikiwa kutenga kiini cha sumu hiyo, fizostigmini. Mwaka 1935 Percy Julian, mwanakemia Mmarekani mweusi ambaye babu yake alizaliwa utumwani, aliitengeneza maabara hatua kwa hatua bila kuhitaji harage lenyewe.

Fizostigmini huua kwa njia ambayo leo inaeleweka vizuri. Seli za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na ujumbe ukishafika kuna kimeng'enya kinachoivunja papo hapo ili njia ibaki wazi. Fizostigmini hukifunga kimeng'enya hicho. Asetilikolini hurundikana, mate na jasho humtiririka mtu, tumbo humsokota, moyo hupungua kasi, na mwisho misuli ya kupumulia hushindwa kazi. Sasa, mwaka 1976 watafiti wa Uingereza walichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Alzheimer, wakakuta mfumo wa asetilikolini umeharibika vibaya, hasa katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Hapo ndipo sumu ya kiapo ilipopata sura mpya. Kama wagonjwa hawa wana upungufu wa asetilikolini, je, kiasi kidogo cha kitu kinachozuia isivunjwe hakiwezi kuwasaidia?

Kilisaidia, kidogo, lakini kwa taabu. Fizostigmini haikai mwilini hata saa moja kabla ya kuanza kuisha, na wagonjwa walisumbuliwa na kichefuchefu na kutapika. Marta Weinstock na wenzake huko Jerusalem wakaunda molekuli zinazofanana nayo, wakitafuta ile itakayokaa muda mrefu zaidi na kuelekea zaidi kwenye ubongo. Mmoja wa uzao huo ndio rivastigmini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2007 ikatoka katika umbo la kiraka cha kubandika kwenye ngozi, ili dawa iingie polepole na tumbo lipumzike. Kutoka harage hadi kiraka ni zaidi ya karne moja na nusu ya kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ni kuipunguza makali nguvu iliyokuwepo tangu mwanzo.

Galantamini ilipita njia fupi zaidi. Wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti na Bulgaria waliifanyia kazi miaka ya 1950, na mwanzoni ilitumika kwa magonjwa ya misuli na mabaki ya polio. Marekani iliidhinisha kwa Alzheimer mwaka 2001.

Sasa tuseme ukweli kuhusu faida yake, kwa maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Katika kipimo cha uwezo wa akili chenye pointi 70 kinachotumika sana kwenye majaribio ya Alzheimer, anayetumia galantamini kwa nusu mwaka huwa mbele ya asiyeitumia kwa takriban pointi tatu. Ugonjwa hausimami. Familia nyingine huona tofauti, mzee anafuatilia mazungumzo vizuri kidogo au anakumbuka dawa zake, na nyingine hazioni chochote. Hii ndiyo kemikali ya mmea iliyofanikiwa kuliko karibu zote. Anayeahidi zaidi ya hapo kwa unga wa majani ana deni kubwa la ushahidi.

Kuna sehemu ya historia ya galantamini ambayo haisimuliwi vya kutosha. Watafiti walijiuliza kama ingewafaa watu ambao bado hawajafikia dimenshia, yaani kupoteza kumbukumbu na akili kiasi cha kushindwa kujitegemea, wale wenye upungufu mdogo wa akili unaoonekana kwenye vipimo huku maisha yao yakiendelea kama kawaida. Yalifanyika majaribio mawili ya miaka miwili yenye washiriki 2,000 na ushei kwa jumla. Dawa haikuonyesha kwamba inawazuia watu kuingia kwenye dimenshia. Kibaya zaidi, hesabu ya vifo ilionyesha 13 upande wa galantamini na kimoja upande wa plasebo, yaani waliopewa kidonge kisicho na dawa, na mwaka 2005 wasimamizi wa dawa wakatoa tahadhari. Vifo hivyo vilitokana na sababu mbalimbali zinazowakumba wazee, na jaribio kubwa la baadaye kwa watu wenye Alzheimer halikuona hatari hiyo. Hata hivyo, kwa anayejadili kuzeeka kwa akili kwa kawaida, hili ni jambo zito. Kilichomsaidia mgonjwa hakikumsaidia yule aliyekuwa anateleza polepole tu. Kusahau jina la jirani ukiwa na miaka 72 na kushindwa kumtambua mwanao ni mambo mawili, na huenda hata kwenye seli yana vyanzo tofauti. Makala zinazochanganya hali hizi mbili zinawakosea wasomaji.

Tugeukie sasa mimea ya upole, tuanze na manjano, maana ndiyo iliyotumia fedha na matumaini mengi kuliko yote. Kiini chake kinachosifiwa ni kurkumini. Kwenye vyombo vya maabara kurkumini hufanya maajabu: inazuia uvimbe, inanasa protini ya amiloidi inayorundikana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, inazilinda seli dhidi ya sumu za oksijeni. Orodha hiyo ndefu ndiyo iliyopaswa kututia wasiwasi mapema. Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa dawa, wakiongozwa na Kathryn Nelson, lilichapisha tathmini kali lakini ya haki. Walieleza kwamba kurkumini huvunjika haraka ndani ya maji yenye hali kama ya mwili, hushikana ovyo na protini nyingi, na inang'aa yenyewe kiasi cha kuvuruga vipimo vinavyotegemea mwanga. Yaani, sehemu ya maajabu yale ni kipimo kudanganyika. Mtafiti anaona seli zimeng'aa au kimeng'enya kimezimika, anaandika kwamba kuna kazi imefanyika, kumbe kemikali imeingilia chombo.

Halafu kuna suala la kufika. Mtu anaweza kumeza gramu kadhaa za kurkumini kwa siku na bado ikaonekana kwenye damu kwa kiasi cha kufikirika tu, kwa sababu utumbo na ini huikamata, huifunga na sukari na kuitoa nje. Kwenye chombo cha maabara seli huogeshwa kwa kiwango ambacho ni mara mamia ya kile kinachopatikana kwenye damu. Na kutoka damuni bado kuna kizuizi kinachoulinda ubongo, ukuta wa seli zilizobanana ambao huchagua kwa ukali nini kipite, na wenye pampu zinazorudisha nje kemikali nyingi za mimea zilizothubutu kuingia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, wagonjwa wa Alzheimer walipewa hadi gramu nne kwa siku kwa wiki 24. Hawakupata nafuu iliyopimika, na kiasi cha kurkumini kwenye damu yao kilikuwa kidogo mno.

Wapo watakaonikumbusha jaribio la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, la mwaka 2018, na wana haki ya kunikumbusha. Watu 40 wasio na dimenshia walifuatiliwa kwa miezi 18, na waliopewa kurkumini iliyotengenezwa kwa umbo linalofyonzwa vizuri zaidi walifanya vyema kwenye vipimo vya kumbukumbu. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito. Lakini watu 40 ni wachache sana, na matokeo ya namna hiyo huwa na maana pale tu yanaporudiwa na watu wengine kwa washiriki wengi. Angalia pia kilichobadilishwa katika jaribio lile: watafiti walihangaika kwanza na ufyonzwaji. Waliona kizuizi kiko wapi. Hilo nalisifu bila kusita, hata kabla ya kujua jibu la mwisho litakuwa nini.

Resveratroli ya zabibu nyekundu ilipita mkondo huohuo. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya wagonjwa 119 wa Alzheimer waliofuatiliwa kwa mwaka mzima, wengine wakipandishwa hadi gramu mbili kwa siku, kiasi ambacho hakuna binadamu angeweza kukipata kwa kunywa mvinyo. Hali yao haikuimarika, na picha zilionyesha ubongo wao umepungua ukubwa zaidi kuliko wa wale wa plasebo. Watafiti walitoa maelezo kwamba huenda ni uvimbe uliokuwa unapungua. Inawezekana. Ila kama ningekuwa na mzazi kwenye jaribio lile, maelezo hayo yasingeniridhisha.

Kuhusu ginkgo sitasema mengi, kwa sababu jambo hili liliamuliwa zamani. Mwaka 2008 Marekani ilitoa matokeo ya watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waliotumia dondoo la majani yake au plasebo kwa takriban miaka sita. Dimenshia iliwapata 277 upande wa ginkgo na 246 upande wa plasebo. Mwaka 2012 Ufaransa ikaleta jaribio lake lenye watu zaidi ya 2,800, na jibu likawa lilelile. Bado vidonge vyake vinauzwa kila pembe ya dunia kana kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho viuzwe bila muuzaji kuthibitisha kwamba vinafanya kazi, na nchi nyingi nazo zina milango iliyo wazi vivyo hivyo.

Matokeo ya ginkgo yanajibu pia hoja moja ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa watu ninaowaheshimu: kwamba kosa la sayansi ni kutenga kemikali moja, ilhali mmea hufanya kazi kwa ushirikiano wa vyote vilivyomo. Dondoo lililopimwa katika majaribio hayo mawili lilikuwa mchanganyiko, lenye viambato vingi vya jani, lililoandaliwa kwa kiwango kisichobadilika. Ushirikiano ulipewa nafasi yake, mara mbili, kwa watu maelfu na kwa miaka. Anayetaka kuendelea kuitetea hoja ya ushirikiano aonyeshe mchanganyiko upi, kwa kipimo kipi, kwa nani.

Kuna eneo moja ambalo upole wa mimea una nafasi, nalo ni lishe. Kakao ina kemikali ziitwazo flavanoli. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023, ukihusisha wazee 3,562 waliopewa miligramu 500 za flavanoli kwa siku au plasebo, kumbukumbu za kundi zima hazikuboreka kwa kiasi cha kujivunia. Lakini wale ambao chakula chao cha kawaida kilikuwa na flavanoli chache, na mlo wao kwa jumla ukiwa hafifu, waliboreka katika aina ya kumbukumbu inayotegemea hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Utafiti huo ulipata fedha kutoka kampuni ya chokoleti ya Mars, na msomaji anapaswa kulijua hilo. Ajue pia kwamba utengenezaji wa chokoleti huharibu sehemu kubwa ya flavanoli, kwa hiyo kipande cha chokoleti hakikupimwa hapa.

Mimi nausoma utafiti huo kama habari ya upungufu uliojazwa. Mwenye kiu akipewa maji hupata nafuu, na aliyekwisha kunywa akiongezewa hapati lolote. Hili si jambo dogo. Linaweza kueleza kwa nini tafiti zinazofuatilia mlo wa watu kwa miaka mingi huona wanaokula matunda na mboga kwa wingi wakizeeka na akili timamu zaidi, huku vidonge vya kemikali zilezile vikishindwa vinapopewa watu ambao tayari wanakula vizuri. Lakini lishe inajibu swali moja na dawa inajibu jingine. Anayebeba matokeo ya upungufu na kuyauza kama tiba ya kusahau anadanganya, hata kama kila takwimu aliyoitaja ni sahihi.

Nini kifanyike basi? Kwanza, kabla ya kumpa mzee mmoja kidonge kwa mwaka mzima, yapimwe maji ya uti wa mgongo ya watu wachache ili ionekane kama kemikali imefika. Ni jambo linalowezekana. Mwaka 2023 lilichapishwa jaribio dogo la watu watano wenye dalili za mwanzo za Alzheimer, waliopewa dasatinibu, ambayo ni dawa ya saratani, pamoja na kuersetini ya mimea, kwa lengo la kuondoa seli zilizochakaa. Watafiti walitoboa uti wa mgongo na kupima. Dasatinibu ilionekana kwa wanne kati ya watano. Kuersetini haikuonekana. Wiki 12 na watu watano, tayari tumejua jambo ambalo miaka ya majaribio ya panya haikutuambia. Wafadhili wa utafiti waliweke hili kama sharti, na wanaokuta kemikali haijafika wachapishe hivyohivyo bila kuona aibu.

Pili, fedha ziende zaidi kwa wanaorudia kazi aliyoifanya Weinstock: kuchukua wazo la mmea, kisha kuibadilisha molekuli. Katika taasisi ya Salk huko California, timu ya Dave Schubert na Pamela Maher ilianza na kurkumini na fisetini, kemikali inayopatikana kwenye stroberi, ikaunda molekuli mpya zisizovunjika ovyo na zinazopenya hadi ubongoni. Ushahidi wake ulio imara zaidi bado ni wa panya, na panya wametuangusha mara nyingi. Hata hivyo njia yenyewe ndiyo iliyotupa dawa tulizo nazo. Kuna wanaoona kwamba kubadilisha molekuli ni kuusaliti mmea. Mmea haukuitengeneza kemikali hiyo kwa ajili yetu. Uliitengeneza ili mdudu au mnyama anayeutafuna ajute, na kwa kuwa mdudu naye anatumia asetilikolini, silaha hiyo ikatugusa na sisi. Haina wajibu wa kukaa kwenye damu ya binadamu kwa saa zinazotufaa. Wajibu huo ni wetu.

Mwisho, kwa mwenye mzee anayeanza kusahau, na anayenunua vidonge vya majani kwa sababu anampenda na hataki kukaa mikono mitupu: kabla ya kuongeza kitu, hesabu kwanza anavyokwisha kumeza. Mfumo uleule wa asetilikolini ambao galantamini inaupa nguvu huzimwa na dawa nyingi za kawaida: difenihidramini iliyomo kwenye vidonge vya usingizi na mafua, amitriptilini ya sonona, oksibutinini ya kibofu. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wazee 3,434 walichapisha mwaka 2015 kwamba waliotumia dawa za kundi hilo kwa wingi na kwa muda mrefu walipata dimenshia zaidi, na ingawa utafiti wa kufuatilia hauthibitishi chanzo, utatanishi wa akili unaoletwa na dawa hizo kwa wazee unajulikana vizuri. Ukiongeza ginkgo kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, unahofiwa uwezekano wa kutoka damu. Kurkumini iliyoongezewa ufyonzwaji imehusishwa na watu kuumwa ini. Weka vyote kwenye mfuko mmoja, vya daktari na vya majani, pamoja na vile mzee alivyojinunulia bila kukwambia, umpelekee daktari au mfamasia na umwombe avipitie kimoja kimoja. Mwombe pia apime vitamini B12 na tezi ya shingo, kwa kuwa hitilafu za hivyo viwili huweza kufanana na dimenshia, nazo zina tiba.